Maswali ya Wasomaji: Domino Anayewatimua Wenzake

SWALI: Tangi langu la maji ya bahari ni la lita 200, lina mawe na matumbawe laini. Nilianza na samaki aina ya damseli, mmoja mweusi mwenye madoa matatu meupe, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Sasa ni mwaka, na kila samaki ninayemwongeza ananyofolewa mapezi na kufa siku ya pili au ya tatu. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Huyo ni domino, Dascyllus trimaculatus. Kwenye miamba ya pwani yetu watoto wake hujazana katika anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri kama ua, na hapo wanapendeza kweli. Wakikua huhama, hufikia hadi sentimita 14, na doa la utosini hufifia. Kwake tangi lote ni shamba lake, na mgeni ni mwizi. Usitafute namna ya kumtuliza, mtoe.

Kumfukuza kwa wavu kati ya mawe ni kuvunja matumbawe bure. Mnyime chakula siku moja, kisha tega kwa chupa kubwa ya plastiki: kata sehemu ya juu, panua shingo ifike upana wa sentimita 5, igeuze iingie ndani ya chupa, weka kipande cha nyama ya kamba ndani. Akikataa mtego, ngoja usiku. Domino hulala shimo lile lile kila siku, na akishtuka hujichimbia humo humo badala ya kutoka. Inua jiwe lenyewe taratibu, naye ndani, ulitie kwenye ndoo ya maji ya tangi.

Ukitaka damseli mwingine, chukua yule wa buluu mwenye mkia wa njano, Chrysiptera parasema. Hazidi sentimita 7 hivi. Awe mmoja tu, na aingie wa mwisho, wengine wakiwa wameshapata mashimo yao. Yule wa buluu mtupu, C. cyanea, anavutia zaidi lakini ni mkali zaidi. Chromis wa kijani ni wapole kwa samaki wengine, ila wenyewe kwa wenyewe humwandama aliye dhaifu. Ukinunua sita, usishangae baada ya miezi kadhaa kubaki na wawili.

SWALI: Muuzaji anasema damseli ni sugu, niwatumie kuanzishia tangi jipya. Ni sawa?

JIBU: Ushauri wa zamani, na mbaya. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Damseli anaweza kunusurika, lakini matamvua yake yanaungua. Na akinusurika, umeshampa hatimiliki ya tangi kabla ya wengine kufika. Msomaji wetu wa Mombasa ameyaona matokeo.

Badala yake, wakuze bakteria hao bila samaki: tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Maji yawe nyuzi 26, pampu ikizunguka. Tangi liko tayari pale kiasi hicho kinapokwisha ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikisoma sifuri. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Badilisha sehemu kubwa ya maji kwanza, ndipo uweke samaki.

SWALI: Damseli wangu ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi na anajisugua mawe. Niweke dawa ya shaba tangini?

JIBU: Si kwenye tangi lenye matumbawe. Shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Hamishia samaki wote, hata wasio na dalili, kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala mchanga, maana vyote viwili hufyonza shaba na kipimo kinashuka bila wewe kujua. Vipande vya bomba la plastiki vinatosha kuwa maficho. Fuata kiwango cha kwenye kibandiko cha dawa, pima kila siku, endelea siku 30. Tangi kubwa likae bila samaki siku 76, vimelea vinavyoleta vidoa hivyo vikose pa kushika.

SWALI: Maji yakipungua kwa joto, niongeze ya baharini?

JIBU: Hapana. Maji huvukizwa, chumvi inabaki. Ongeza maji matamu yaliyochujwa, kila siku kidogo kidogo, chumvi ibaki gramu 35 kwa lita. Ya bahari ni ya kubadilishia tu.