Modi gani ya kamera kwa picha za kila siku? Acheni kutishana na hiyo M

Mkuu wa Mafinga, poleni na baridi. Kwa ambao hawajasoma swali lake: jamaa kanunua Canon ya mtumba na ile lensi yake ya 18-55, anapiga watoto, shamba, ndugu wakija, kanisani mara moja moja, halafu kuna mtu wa studio kamwambia ukitoka kwenye M, ile ya kupanga kila kitu kwa mkono, we sio mpiga picha, ni mtalii. Sasa kachanganyikiwa, picha zinatoka nyeusi, nyingine nyeupe pee, anauliza aweke wapi kile kiduara cha juu.

Mi niko Mbeya, wikiendi harusi na sendofu, siku nyingine natembea tu na kamera begani Mwanjelwa, Kabwe, Uyole huko. Jibu langu: weka Av na ukae hapo, we unachagua tundu la lensi, kamera inachagua shata, yaani muda wa kuingiza mwanga. Wa Nikon na Sony kwenu imeandikwa A tu, kitu kilekile. M ipo na ina kazi yake ntakwambia chini, ila sio nyumba ya kuishi.

Hebu kwanza mwangalie huyo wa studio anavyoitumia hiyo M yake. Anachungulia, anaona kale kamstari kenye sifuri katikati, anazungusha shata mpaka kamshale kafike kwenye sifuri, anapiga. Sasa hapo kafanya nini yeye? Aliyepima mwanga ni kamera, aliyesema sifuri iko wapi ni kamera, yeye kazi yake ilikuwa kuzungusha tu, na wakati anazungusha mtoto kashaacha kucheka. Av inafanya hichohicho kabla hujamaliza kubonyeza. Na wala sio mambo ya vijana wa siku hizi, Canon AE-1 ya mwaka 1976, kamera ya filamu kabisa, ilikuwa tayari inajipangia tundu la lensi yenyewe ukishaichagulia shata, na A-1 iliyofuata 1978 ikaja na Av, Tv na P zote (Tv na P ntazieleza chini). Wazee wamepigia picha hizo na hakuna aliyewaita watalii.

Halafu fikiria mwanga wetu huku. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, wingu linashuka toka Loleza linafunika jua, dakika mbili limepita, jua linachoma tena. Tukuyu ndo usiseme, asubuhi ukungu, saa tano kweupe, saa nane mvua. Mtu wa M hapo kila wingu likipita anaanza upya. Na sokoni ni balaa zaidi, mama wa viazi kakaa chini ya turubai gizani, hatua mbili pembeni kijana na toroli yuko juani, utapiga wote wawili kwa namba zilezile kweli?

Sasa ukishaweka Av unafanyaje. Unachagua tundu la lensi, ile f. Namba ndogo tundu kubwa, mwanga mwingi unaingia na nyuma panafifia. Namba kubwa tundu dogo, vitu vingi vinaonekana vizuri mbele mpaka nyuma. Kwa lensi yako ile mtu mmoja weka ndogo kabisa inayokubali, ukivuta mpaka 55 itagoma kwenye 5.6, ndo mwisho wake usiilazimishe. Familia imepanga mistari miwili weka 8. Shamba la chai, milima, maua ya Kitulo kuanzia Desemba mvua zikishakolea, 8 mpaka 11 inatosha, watu wanapenda kwenda 22 wakidhani ndo ukali wakati kwenye hizi kamera zetu 22 picha inaanza kulainika.

Kitu cha kuchunga ukiwa Av ni shata, maana hiyo kamera ndo inachagua na ikikosa mwanga itashuka mpaka 1/15 ya sekunde bila kukuomba ruhusa, picha inatoka imecheza. Jicho lako liwe kwenye hiyo namba muda wote. Ukiwa umevuta 55 na mtu katulia usipende kushuka chini ya 1/80, lensi yenye kituliza mtikisiko itakusaidia mkono wako lakini haimtulizi mtoto, mtoto anataka 1/250 kwenda juu. Ikishuka, panda ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. 400, 800, 1600, panda tu usiogope, picha yenye chenga kidogo mama yake ataiweka ukutani, iliyocheza hataiweka. Nikon nyingi kwenye menyu ya ISO ya kujipanga kuna sehemu unaiambia shata isishuke chini ya kiasi fulani, weka 1/125 usahau. Canon ndogo za zamani nyingi hazina hiyo sehemu, kwahiyo we ISO utaipandisha kwa mkono.

Hapa sasa ndo penyewe, na ndo sababu ya picha zako nyeusi na nyeupe. Kitufe cha +/-, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Kamera haijui inaangalia nini, inachotaka ni wastani wa picha nzima utoke kijivu cha katikati, basi. Ukimpiga bibi harusi shela limejaa fremu, inaona weupe mwingi mno, inapunguza, shela linatoka la kijivu na uso unazama. Ukungu wa Tukuyu hivyohivyo, mtu kasimama mbele ya mbingu nyeupe hivyohivyo. Hapo unaongeza, +1, uso ukiwa bado giza nenda mpaka +1.7. Kinyume chake, mzee na suti nyeusi kakaa kwenye sofa la kahawia ukuta mweusi, kamera inaona giza inaongeza mwanga kwa nguvu, uso unang'aa kama umepakwa mafuta. Punguza, -0.7 au -1. Na ngozi zetu ndo mtihani wenyewe, ukipiga uso kwa karibu umejaza fremu kamera inataka kuupausha, ukipiga uso mdogo mbele ya anga inataka kuuzamisha, mtu yuleyule, saa ileile. Sasa ukijua kusoma hilo kabla ya kupiga, huyo wa studio hana cha kukuambia. Piga, angalia uso kwenye kioo cha nyuma, rekebisha, piga tena. Ila ukimaliza irudishe sifuri, kamera nyingi ukizima ukiwasha zinakumbuka.

Kuna mtu juu hapo kasema +/- haifanyi kazi kwake. Mkuu uko kwenye ile modi ya kijani inayojipangia kila kitu, kijani haikupi hiyo kitu, na inafyatua flashi inavyotaka yenyewe, hata kanisani padri anahubiri. Toka huko.

Tv, yaani S kwa wengine, we unachagua shata kamera inachagua tundu, naingia pale mwendo ndo habari yenyewe. Mpira pale Sokoine jua likiwepo, 1/1000, chini kabisa 1/500. Bajaji inapita unataka yenyewe ionekane na barabara nyuma ivutike, 1/30 huku unaifuata na kamera kwa ulaini. Maporomoko ya Kaporogwe maji yawe kama pamba, robo sekunde na stendi, na usiende saa saba mchana maana mwanga ni mwingi, picha itaungua hata tundu likiwa dogo kabisa. Angalia namba ya f ikianza kuwaka waka, kamera inalalamika imefika mwisho.

P watu wanaidharau bure. Inachagua tundu na shata, ukizungusha gurudumu inakubadilishia vyote viwili kwa pamoja, na +/- inafanya kazi. Kamera ukimpa shemeji akupigie na wewe, weka P. Na kuna jambo moja kwa watu wa Canon: ukiwa Av ukafungua flashi ndani usiku, kamera inashusha shata sana ili ukumbi wa nyuma nao uonekane, watu wanatoka na mizimu pembeni. Weka P hapo, au kuna sehemu ya menyu ya kuibana kwenye 1/200 hivi. Wengi wanalaumu flashi mbovu kumbe ni hilo.

Haya M. Mi M naiingia mwanga ukiwa haubadiliki ila vitu vya mbele ndo vinabadilika. Ukumbini taa zimewashwa hazizimwi, sasa hivi napiga shela jeupe, sekunde mbili baadaye suti nyeusi ya bwana harusi, baadaye kamati na sare zao za zambarau. Av hapo inarukaruka, picha kumi mwanga kumi, kuziweka sawa kwenye laptopu utalia. M unapima mara moja usoni, 1/100, f ndogo, ISO 1600 au 3200, umemaliza mpaka keki. Studio yenye taa za flashi, M. Nyota usiku huku juu Kitulo, M, sekunde 20 na stendi. Kwahiyo yule jamaa yako kwenye studio yake kuta nne taa mbili yuko sahihi kabisa, tatizo lake anadhani dunia yote ni studio yake.

Na nimesema 1/100 ukumbini kwa makusudi. Umeme wetu ni 50 Hz, taa nyingi za bei rahisi zinamemeteka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila shata ya 1/500 inaona, unapata mistari ya giza imekatiza picha au rangi zinabadilika kila picha. 1/100 au 1/50 inatulia. Zile za rangi za DJ ni kesi nyingine, zile subiri zigeuke.

Wewe Mafinga anza hivi: Av, f 5.6, ISO 400 nje na 1600 ndani, kidole gumba kwenye +/-. Kuhusu lensi ya 50 ya 1.8 uliyouliza mwishoni, nunua, ndani ya nyumba itakufaa kuliko kubadilisha kamera, ila ukiipiga kwa 1.8 uso karibu jicho moja litakuwa kali na sikio limefifia, anzia 2.8. Picha zako mbili tatu zilizoharibika ziweke hapa na namba zake za f, shata na ISO tuangalie, bila namba tutabahatisha tu.