Maswali na Majibu: Mwanazuoni Gani Anastahili Wasifu Katika Wikipedia?

Wasomaji kadhaa wameuliza ni wanazuoni gani wanaostahili kuandikiwa wasifu katika Wikipedia. Vigezo vinavyojadiliwa hapa ni vya Wikipedia ya Kiingereza. Matoleo ya lugha nyingine, likiwemo la Kiswahili, hujiwekea taratibu zake.

Je, kila aliyefikia cheo cha profesa anastahili?

Hapana, cheo peke yake hakitoshi. Vigezo viko vinane, na kutimiza kimoja tu kunatosha mradi kiwe na ushahidi: kwa mfano, kuacha athari kubwa katika taaluma, kupata tuzo ya kitaaluma yenye hadhi ya juu, kuchaguliwa katika jumuiya ya wanazuoni inayochuja sana wanachama wake, kushika kiti cha uprofesa chenye jina maalumu katika chuo kikubwa, au kuwa mhariri mkuu wa jarida la kitaaluma linaloheshimika. Marehemu Calestous Juma wa Kenya, aliyechaguliwa mwaka 2006 katika Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, hana mjadala. Vivyo hivyo Issa Shivji, mtu wa kwanza kushika Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008. Ugumu uko kwa wale ambao sifa zao hazijitangazi.

Mwalimu wangu ameandika kwa Kiswahili maisha yake yote, lakini Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, inamwonyesha kana kwamba hajafanya lolote. Je, basi hastahili?

Usikate tamaa mapema. Idadi ya marejeleo, yaani mara ambazo kazi ya mtu imetajwa katika maandishi ya wengine, ni kipimo kinachofaa zaidi katika tiba au fizikia, ambako makala hutoka nyingi na hurejeleana upesi, kuliko katika fasihi na isimu, ambako kazi kubwa huwa ni kitabu. Isitoshe, Google Scholar huona kile tu kilichomo mtandaoni, na toleo la zamani la jarida lililobaki kwenye rafu za maktaba halihesabiwi hata kama kila mwanafunzi wa idara hiyo amelidurusu. Kwa upande mwingine, huhesabu hata maandishi ambayo hayakupitiwa na wataalamu, kwa hiyo namba kubwa nayo isikutie kiwewe.

Tafuta badala yake mapitio ya vitabu vyake yaliyoandikwa na watu wengine katika majarida ya kitaaluma, tasnifu zinazojadili nadharia yake kwa kurasa kadhaa badala ya kumtaja kwenye orodha tu, na kitabu cha makala ambacho wenzake walikitoa kwa heshima yake. Mapitio mawili au matatu ya namna hiyo yana uzito kuliko ukurasa wake kwenye tovuti ya chuo, kwa sababu ukurasa huo umeandikwa na mwajiri wake, na pengine yeye mwenyewe. Chanzo si lazima kiwe cha Kiingereza, wala si lazima kiwe mtandaoni: taja jarida, toleo, mwaka na ukurasa.

Na mkuu wa kitivo?

Kwa kawaida wadhifa huo hautoshi. Kigezo kinamhusu anayeshika uongozi wa juu kabisa wa chuo kikubwa, ambaye kwetu ni Makamu wa Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Chuo mara nyingi ni cheo cha heshima. Rais mstaafu Jakaya Kikwete, aliyeteuliwa kushika cheo hicho Dar es Salaam mwaka 2016, hakika hakukihitaji ili apate wasifu.

Ni kweli kwamba mshindi wa Nobel aliwahi kukataliwa?

Ni kweli. Rasimu ya wasifu wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa Mei 2018 kwa maelezo kwamba vyanzo vyake havikuthibitisha umuhimu wake; Oktoba mwaka huohuo akatunukiwa Nobel ya Fizikia kwa kazi ya leza aliyoichapisha mwaka 1985. Alikuwa bado profesa mshiriki, jambo linaloonyesha jinsi cheo kinavyoweza kupotosha. Hata hivyo, alikwisha kuwa rais wa jumuiya kubwa ya wanasayansi wa mwanga mwaka 2013, na kwa maoni yangu hilo pekee lingetosha. Mhakiki alipima vyanzo vilivyokuwa mbele yake, wala hakwenda kutafuta vingine. Hapo ndipo rasimu nyingi za wanazuoni wetu zinapokwama.

Je, naweza kujiandikia, au kumlipa mtu aniandikie?

Kujiandikia hakushauriwi hata kidogo, na anayelipwa analazimika kutangaza kwamba amelipwa, kwa masharti yaliyoanza kutumika mwaka 2014. Mkono wa mhusika hutambulika upesi: sentensi kama "ni mwanazuoni nguli aliyebobea na kutambulika kimataifa" haitaji kitabu, mwaka wala mtu aliyemtambua, nayo hufutwa. Ikiwa wasifu wako tayari upo na una kosa, liandike kwenye ukurasa wake wa majadiliano, jitambulishe, weka chanzo kinachoonyesha usahihi, kisha mwachie mhariri mwingine arekebishe.