Hita inapuliza baridi? Usikimbilie kufungua dashibodi

Mkuu, umesema feni inavuma vizuri ila kinachotoka ni baridi tupu, na fundi anataka kushusha dashibodi. Mwambie asubiri. Hita haina moto wake, inaazima joto la maji ya injini. Cha kujua kwanza ni kama maji ya moto yanaifikia rejeta ndogo ya hita.

Liache gari sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) hadi geji ya joto itulie, weka hita kwenye joto la mwisho, halafu gusa mipira miwili inayopenya ukuta kati ya injini na kabini (mikono mbali na mikanda). Yote ikiunguza, maji yanafika. Kagua kibao cha ndani kinachochanganya hewa na waya unaokivuta. Mmoja moto mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba, au valvu yake haifunguki kama gari lako linayo. Yote vuguvugu, maji yamepungua, hewa imenasa, au thamostati (valvu inayozuia maji kwenda rejeta kubwa hadi injini ipate joto) haipo.

Hilo la thamostati ndilo balaa letu. Gari likichemsha mara moja tu, inatolewa kwa hoja kwamba huku si Ulaya. Kwenye injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo maji yanapita rejeta kubwa muda wote: asubuhi ya Julai ukishuka kutoka Marangu kwenda Himo sindano inaanguka, hita inapoa, na mafuta yanaliwa zaidi.

Nunua thamostati kwa namba ya injini, si kwa jina la gari. Ijaribu kwanza: ining'inize kwa waya kwenye sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizogongwa juu yake. Ukiifunga kwenye injini, kile kipini chake kinachochezacheza kikae juu, maana hewa inatokea hapo. Gari likichemsha tena, tafuta rejeta iliyoziba, feni au wota pampu, usiitoe.

Sasa jaza maji na utoe hewa. Kulanti (maji maalumu ya rejeta) isiyochanganywa changanya nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri (si asidi!). Egesha pua ikitazama mlima, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, hita kwenye joto la mwisho, sailensa dakika 15 hadi 20. Minya mpira wa juu wa rejeta na uongeze maji yakishuka, hadi feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Kama rejeta ndogo ndiyo imeziba, vua ile mipira miwili, pitisha maji taratibu kwa mpira wa bustani ukianzia upande wa kutokea, hadi kutu iishe. Presha kubwa inaweza kuipasua rejeta hiyo. Ila kioo kikishika ukungu wenye harufu tamu na zulia la mbele likalowa, inavuja. Hapo sasa mruhusu fundi afungue dashibodi.