PHP: ilani ya kupitisha kwa rejeo, na kosa lisilotoa ilani

Ndugu, umeuliza kwa nini end(explode('.', $faili)) inakupa kiendelezi sahihi cha faili, ilhali PHP inakuonya kwamba vigeu pekee ndivyo vinavyopaswa kupitishwa kwa rejeo, yaani kigeu chenyewe kikabidhiwe kwa fanksheni badala ya nakala ya thamani yake. Fanksheni end() husogeza kiashiria cha ndani cha safu hadi kwenye kipengele cha mwisho, kwa hiyo inahitaji safu yenyewe wala si nakala yake, lakini explode(), inayokata maandishi kuwa safu, inaikabidhi thamani isiyo na jina, ambayo badiliko lolote litakalofanywa juu yake halina pa kukaa. Andika kwanza $sehemu = explode('.', $faili), kisha end($sehemu), na ilani itaondoka.

Nakuomba usiinyamazishe. Nilirithi msimbo uliotumia mabano mawili, end((explode(...))), ujanja uliouficha ujumbe huo katika PHP 5. Tulipohamia PHP 7, ambayo haijali mabano hayo, kumbukumbu za seva zilijaa ilani, nami nikaweka alama ya @, inayonyamazisha ujumbe wa PHP, mbele ya mstari. Baadaye, nikirekebisha mstari uleule, niliandika $failli badala ya $faili. Alama ile ile ikaificha ilani ya kigeu kisichokuwepo, na kwa siku mbili faili za watumiaji zikawa zinahifadhiwa bila kiendelezi.

Linalonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni kosa ambalo PHP hailitolei ujumbe wowote. Tuseme una fanksheni yako, safisha(&$namba) (alama ya & ndiyo inayosema kigezo kipokelewe kwa rejeo), inayoondoa nafasi ndani ya namba ya simu, nawe ukaiita safisha($data['smu']) wakati ufunguo halisi ni 'simu'. Kwa kuwa kigezo hicho kinapokelewa kwa rejeo, PHP inachukulia kwamba unataka kuandika humo: inaunda ufunguo 'smu' wenye thamani ya null (yaani tupu) na kuukabidhi kimya kimya, huku namba iliyo kwenye 'simu' ikibaki na nafasi zake. (Ndiyo tabia inayoiwezesha preg_match(), fanksheni ya kutafuta ruwaza katika maandishi, kujaza safu ya matokeo ambayo hukuitangaza, kwa hiyo si kasoro ya lugha.)

Ndiyo maana siku hizi fanksheni zangu hurudisha thamani: $data['simu'] = safisha($data['simu']). Nikikosea ufunguo upande wa kulia, PHP 7 hutoa ilani, na tangu PHP 8.0 ujumbe huo umepandishwa kuwa onyo kamili.