Mmechora kabla ya kuuliza

SWALI: Mhandisi, tuko wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho hapa Kampala. Mradi wetu ni mashine ndogo ya kupukuchua mahindi. Tulianzia kwenye mashine tuliyoiona kwenye karakana za mafundi wa Katwe, hapa mjini, na wiki ya pili michoro ya kompyuta ilikuwa tayari. Msimamizi wetu ameikataa, anasema hatujui tunachosanifu. Masomo ya mekanika tumefaulu yote. Je, usanifu hufundishika au ni kipaji?

JIBU: Hufundishika, vijana wangu, na msimamizi wenu amewatendea wema.

Mwaka 2007 Cynthia Atman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi 26 wa mwaka wa kwanza, 24 wa mwaka wa mwisho na wahandisi wazoefu 19. Kila mmoja alipewa hadi saa 3 asanifu uwanja wa michezo wa watoto, huku akitamka kwa sauti yote anayoyafikiria. Maelezo ya kazi hayakujitosheleza. Aliyetaka kujua zaidi ilibidi aulize. Wahandisi walikaa muda mrefu zaidi kwenye tatizo lenyewe, na waliuliza mambo mengi zaidi kuliko wanafunzi. Nyinyi mnazijua hesabu za mhimili na mkanda, lakini je, nani kati yenu ameuliza mahindi yenyewe yanafika kwenye mashine yakiwa na unyevu gani? Punje mbichi hupasuka. Chenga haziuziki vizuri, na punje iliyopasuka hushika ukungu upesi, ukungu unaoleta sumukuvu. Hapo ndipo kasi ya ngoma, yaani pipa lenye meno linalozunguka na kupukuchua, na nafasi kati ya meno zinapoamuliwa. Halafu mashine ni ya nani: mama mwenye ekari moja, au kijana atakayeibeba kwa bodaboda nyumba hadi nyumba? Uzito, injini na bei vyote vinategemea jibu hilo.

Ile mashine ya Katwe nayo inanitia wasiwasi. Mafundi wa kule nawaheshimu sana, lakini mfano ukishaingia kichwani hautoki kirahisi. Mwaka 1991 watafiti Jansson na Smith waliwapa wanafunzi wa uhandisi kazi ya kikombe cha kahawa kisichomwagika, na masharti yakakataza mrija. Waliokuwa wameonyeshwa mfano wenye mrija walielekea zaidi kuchora mrija kuliko wale ambao hawakuuona. Kwa hiyo fungieni michoro yenu kwa wiki moja. Kila mmoja achore peke yake kwa penseli njia tatu za kutenganisha punje na gunzi, kisha ndipo mkae pamoja.

Jambo jingine nimelifanya na wanafunzi wangu na limewasaidia. Mkikaa kusanifu, simu irekodi maongezi yenu saa nzima. Baadaye sikilizeni na kila dakika tano mwandike mlikuwa mnafanya nini: kulielewa tatizo, kutafuta taarifa, kubuni, kukokotoa au kuamua. Mkiona kukokotoa kumeanza dakika ya kumi na hakuna aliyerudi tena kwenye tatizo, mmejua mlipokwama. Kurudi nyuma ni sehemu ya kazi, msikuonee aibu.

Jumamosi hii nendeni Kisenyi kwenye vinu, muwaulize wanunuzi wanakataa mahindi ya namna gani na kwa nini. Daftari mbebe, kompyuta iacheni nyumbani.