Andika dawa ambayo mgonjwa ataimaliza

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya uafisa tabibu, huku Tandahimba, mkoani Mtwara, mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 3 aliyekuwa akikohoa. Nikahesabu pumzi dakika nzima: 46. Kwa umri ule, kuanzia 40 tunahesabu ni nimonia. Hakuwa na dalili za hatari, kwa hiyo alifaa kutibiwa nyumbani. Nikamwandikia dawa ya maji, amoksilini yenye klavulaneti, kwa kuamini kuwa dawa ya bei ndiyo dawa kali. Kwenye dirisha letu la dawa haikuwepo, akaenda kuinunua mtaani.

Siku ya nne akarudi, mtoto anahema vilevile. Akaweka chupa mezani, imebaki zaidi ya nusu. "Daktari, nilikuwa nampa nusu kijiko ili ifike mbali. Hela ya chupa nyingine sina."

Ilikuwa Machi, hela ya korosho imeshakwisha zamani. Dawa ile ikishachanganywa inataka friji, na kwake hata umeme haujafika. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba dirishani kwetu palikuwa na amoksilini ya kuyeyuka, vidonge vya miligramu 250, na mtoto wa umri ule hatozwi. Vitatu asubuhi, vitatu jioni, siku 5. Vidonge 30, basi. Nilimpima tena mtoto, kisha nikayeyusha vitatu kwenye kijiko cha maji mama akiona. Mtoto akameza, akalamba na kijiko.

Wenzangu mnaoanza kazi, jiulizeni kwanza kama antibayotiki inahitajika kabisa. Kuanzia Juni mikorosho ikipulizwa salfa, unga wa kuzuia ukungu, foleni yetu hujaa vikohozi vikavu na macho mekundu. Vumbi la salfa halitibiwi kwa amoksilini. Mafua nayo hayatibiwi hivyo. Mtoto anayeharisha maji matupu mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki. Mweleze mgonjwa dalili za kumrudisha haraka, na umweleze bila kuangalia saa, maana asipoelewa atapitia duka la dawa anunue vidonge vinne vya rangi mbili.

Ikihitajika, anza na zile za kawaida. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezipanga antibayotiki katika makundi matatu. Amoksilini, doksisaiklini na nitrofurantoini zimo katika kundi la kuanzia. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni ni za kundi la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu vimelea huzizoea upesi. Mwanamke asiye mjamzito, mkojo unamchoma, hana homa wala maumivu ya kiuno, figo zake nzima: nitrofurantoini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 5. Wangapi wameambiwa wana "UTI sugu" wakachomwa sindano wiki nzima, na hiyo hawajawahi kuandikiwa! Kabla ya jamii ya penisilini, uliza kama iliwahi kumletea vipele au kumbana pumzi.

Halafu kuna suala la hela, ambalo chuoni sikufundishwa kuliuliza. Ukimuuliza mtu wa huku ana shilingi ngapi, utamwaibisha. Mimi nasema, "Bibi, dawa hii ikikosekana dirishani, utaweza kuinunua yote leo?" Akinyamaza, nachukua karatasi nyingine naandika upya.