Maswali ya Wasomaji: Nyuki Wanapungua au Wanaongezeka?

SWALI: Mheshimiwa mhariri, kila mara nasoma kwamba nyuki wanapungua duniani, kisha nikasoma mahali pengine kwamba mizinga inayofugwa imeongezeka. Je, habari hizi mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja? Mimi sifugi nyuki, nina bustani ndogo ya maboga tu; ninunue mzinga ili kusaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, zote mbili ni kweli, kwa sababu hazihusu nyuki wale wale. Duniani zipo spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na huyu wa asali tunayemfuga mzingani ni mmoja tu kati yao. Takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaonyesha kwamba mizinga imeongezeka katika miongo iliyopita, lakini idadi ya mizinga haielezi vifo vilivyotokea katikati, kwa kuwa mfugaji aliyepoteza makundi huligawa lile lililosalia, akaipatia nusu yake malkia mpya, na hesabu ikarudi palepale. Nchini Marekani, mwishoni mwa mwaka 2006, wafugaji walianza kufungua mizinga na kumkuta malkia yupo, majana (watoto wa nyuki) yapo na asali ipo, ila vibarua, yaani nyuki wanaofanya kazi za kundi, karibu wote wametoweka. Tangu hapo mizinga mingi huko imedumu kwa jasho la wafugaji.

Nyuki wa porini hawana wa kuwagawa. Wengi wao hawana kundi wala asali ya kurinwa. Kila jike huchimba kishimo chake ardhini au hujificha ndani ya bua kavu, hutaga humo na kuwawekea watoto chavua, na shamba likilimwa hadi ukingoni hupoteza makao na chakula kwa siku moja. Hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Nyuki wa asali naye ana adui ambaye sisi wenyewe tulimletea. Utitiri aitwaye Varroa aliishi na nyuki wa Asia waliokwisha kumzoea, mpaka binadamu alipowahamishia huko nyuki wetu wa mizinga, na katika karne ya 20 akaenea karibu dunia nzima. Ni mdudu wa hudhurungi mwenye upana wa milimita 1.5 hivi, anayejibana chini ya tumbo la nyuki na kumwambukiza virusi, hata kibarua kijana akatoka kwenye sega na mabawa yaliyokunjamana, asiweze kuruka kamwe. Viuatilifu navyo havihitaji kuua papo hapo ili vidhuru, kwani kiasi kidogo tu chaweza kumfanya nyuki ashindwe kurudi mzingani. Ndiyo maana mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina tatu za neonikotinoidi, kundi la viuatilifu vya kuulia wadudu, kwa mazao yaliyo nje ya vitalu nyumba.

Kuhusu mzinga, ushauri wangu ni kwamba usinunue kwa nia hiyo. Kundi moja lina maelfu ya vibarua, na mahali penye maua machache watagombania chakula na nyuki wa porini unaotaka kuwasaidia. Afadhali uache sehemu ya ardhi bila kuilima, uache mabua makavu yasimame, na upande maua yanayopokezana msimu kwa msimu.

Maboga yako yatakuonyesha mengine. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na ua la kike lisipotembelewa vya kutosha, boga changa hunyauka au hukua likiwa limepinda upande mmoja. Kwa hiyo, kama ni lazima unyunyize dawa, nyunyiza jioni ua likiwa limefumba, wala usiielekeze kwenye maua. Asubuhi inayofuata simama karibu na ua, utazame nyuki akitoka humo na mgongo uliojaa unga wa manjano.